Kadi Iliyobandikwa Kifudifudi

Maji ya kulowekea kadi yanatakiwa yawe baridi. Harlan Moyer alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, maana kwa miaka thelathini na moja alikuwa akibandua kadi za besiboli kutoka kwenye madaftari ya watu waliokufa, na maji ya moto hula rangi. Jumatatu ile ya Juni alimimina maji safi ya chupa kwenye sahani ya kioo ambayo mkewe Verna huokea pai, akachovya kidole kuhakikisha, akalaza ndani yake ukurasa wenye kadi, kisha akaenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya nusu saa akachovya tena. Maji yalikuwa vuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto.

Alitazama dirishani. Jua halikuwa limefika mezani. Jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

"Verna, umegusa sahani yangu?"

"Sahani yako?" Verna alijibu kutoka barazani. "Tangu lini imekuwa yako? Wiki ijayo utasema na mimi ni wa kwenye albamu."

"Nauliza tu. Maji yamepata moto."

"Basi labda huyo mpenzi wako ana homa."

Mpenzi mwenyewe alikuwa Enos Trexler, mrushaji wa mpira aliyezaliwa katika bonde letu hili la Pennsylvania, akavuma nchi nzima kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Picha yake ilitiwa kwenye pakiti za sigara za zama zile, kadi ndogo zinazoenea kiganjani. Kadi zake ziko kumi na moja. Harlan alikuwa na kumi. Verna alizoea kusema kwamba katika ndoa yao alinunuliwa pete moja, ila Enos alinunuliwa kabati zima, tena lenye kufuli. Ile ya kumi na moja, inayomwonyesha Enos ameinua mikono juu ya kichwa tayari kurusha, hakuna aliyekuwa nayo hapa kwetu isipokuwa Clayton Hoch wa ng'ambo ya kijito, na ya Clayton ilikuwa na kunjo usoni, kuanzia sikio hadi kidevu. Mnamo Septemba kungekuwa na maonyesho makubwa ya kadi mjini. Harlan, aliyefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha soksi bila kupigiwa makofi hata siku moja, alitaka kusimama pale mbele ya kumi na moja kamili.

Daftari alilipata kwenye mnada wa shamba la akina Reber, ndani ya boksi la vitabu vya nyimbo na mitungi ya achari. Kurasa zote zilikuwa na kadi za kawaida, zimechakaa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kadi moja tu, imebandikwa kifudifudi, tangazo la sigara likitazama juu, na pembeni yake Mama Reber wa zama zile alikuwa ameandika kwa Kijerumani cha huku kwetu: *Enos. Asigeuzwe. Asimwone mtu tena.*

Harlan aliyasoma maneno yale vizuri kabisa. Ndiyo lugha aliyolelewa nayo na bibi yake. Kisa chake pia alikijua, maana hapa hakuna asiyekijua. Mwaka wa 1910, alasiri ya Agosti, Wilmer Reber alisimama na gongo lake mbele ya Enos Trexler, na Enos akamrushia mpira wa kumlenga kichwani. Ulimpiga kwenye panja. Wilmer hakufika jioni. Enos aliposikia alisema, "Si angeinama," akaomba mpira mwingine. Miaka miwili baadaye kifua kikamuua na yeye, na yaliyofuata nyumbani kwa akina Reber baada ya kifo hicho babu zetu waliyasimulia kwa sauti ya chini, watoto wakishatolewa nje.

Mtu mwenye akili zake angesoma maandishi yale akafunga daftari. Lakini mkusanyaji kadi ana akili za aina yake. Harlan aliwaza hivi: miaka karibu themanini uso umelala chini, jua halijaugusa, hewa haijaugusa. Rangi zake lazima ziko mbichi.

Kadi iliachia yenyewe. Iliinuka kutoka kwenye karatasi taratibu, ikaelea, kisha ikajigeuza majini bila kuguswa, na Enos Trexler akatazama dari ya jiko la Verna. Sare ya sufu ya kijivu. Anga la rangi ya chungwa nyuma yake. Mikono juu, mpira umefichwa ndani ya glovu. Harlan alitokwa na machozi, na simcheki. Aliilaza kadi kati ya karatasi za kunyonyea maji, akaikandamiza kwa Biblia ya ukoo, kisha akaenda kumwaga maji yale kwenye majani kando ya baraza. Yalikuwa ya kahawia kama chai iliyokolea, na yalinuka tumbaku ya kutafuna na sufu iliyolowa.

Saa tisa alasiri Verna alikuwa akifagia baraza, kama kila siku. Yeye ni mtu wa shoto. Hushika ufagio kinyume na wengine, ubavu wa kulia ukielekea ghala.

*Tok.*

Ukimya, wa kutosha mtu kutembea hatua kadhaa na kurudi mahali pake.

*Tok.*

"Harlan, nani anapiga ghala letu?"

Harlan alitoka akazunguka ghala lote. Hapakuwa na mtu. Kwenye vumbi mbele ya ukuta palikuwa na doa la mate ya kahawia, bichi, lingali likitoa povu.

"Watoto," alimwambia mkewe, ingawa mtoto wa mwisho katika barabara ile alikwishaoa.

Kesho yake alimwita Clayton aje kuthamini. Clayton Hoch alikuwa hasimu wake wa tangu ujana, na hasimu ndiye mthamini mwaminifu, kwa sababu sifa ikimtoka, imetoka na damu. Alivaa miwani, akachukua lenzi, akaipima kadi kwa rula pande zote nne kuona kama imepunguzwa kwa mkasi.

"Haya, sema," alisema Harlan.

"Ngoja bwana, niache nione wivu kwa nafasi." Clayton aliinama zaidi. "Kona hizi zinaweza kukata mkate. Mgongo umechafuka kwa gundi, hiyo tutakukata. Lakini uso huu! Harlan, hii ni bei ya pikapu mpya. Na tairi ya akiba."

"Siuzi."

"Najua huuzi, mzee bahili. Unataka tu moyo uniume." Alisogeza lenzi, akaivuta, akaisogeza tena. "Mbona mkono wake uko nyuma?"

"Nyuma wapi?"

"Kwenye yangu mikono yote iko juu. Huyu wako ameshaanza kuuvuta nyuma."

"Yako ina kunjo hadi kidevuni, unaona nini wewe?"

Wakacheka. Harlan alicheka kwa muda mrefu kuliko mwenzake, kisha akachukua lenzi akatazama, na kicheko kikamkauka. Jana mikono ilikuwa juu. Angeapa mbele ya mchungaji.

*Tok*, likalia ghala. Na mara hiyohiyo Verna akapiga kelele barazani. Walipomfikia alikuwa bado ameshika ufagio, kitambaa cha kichwa kimemtoka na kuangukia ngazi ya chini.

"Kuna kitu kimenipita sikioni," alisema. "Kimevuma. Msinitazame hivyo, sijazeeka kiasi hicho!"

Jumatano hakupiga kelele. Harlan alikuwa kwenye chumba cha kadi aliposikia sauti ambayo haikuwa ya ubao, sauti nzito, iliyofifia, kama mtu anayepiga godoro, na alipotoka alimkuta mkewe amekaa kwenye ngazi, uso mweupe, ameshika bega. Walipolifungua vazi, pale begani palikuwa na duara jekundu, na ndani ya duara mistari miwili iliyopinda, midogo midogo, ya mishono. Ilihesabika.

"Harlan," alisema Verna kwa sauti ya chini, "mimi naogopa."

Katika miaka arobaini ya ndoa Harlan hakuwahi kumsikia akisema neno hilo, hata siku walipomzika mtoto wao wa kwanza. Nyumba nzima sasa ilinuka sufu mbichi na dawa ile kali ya kuchua misuli wanayopaka wachezaji. Harlan aliingia chumbani akaitazama kadi. Enos alikuwa ameinua mguu wa mbele, na macho yake, yaliyokuwa yakitazama mbele tu, yalikuwa yamepata mtu wa kumtazama.

Alhamisi asubuhi waliendesha gari hadi kwa Beulah Kistler, karibu na kanisa. Sisi huku tuna jina letu kwa watu kama yeye, lakini mganga ni mganga: husimamisha damu kwa aya, hupuliza majeraha ya moto yakapoa, na alifundishwa na babu yake, kwa kuwa kazi hiyo hutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke na kurudi. Halipwi. Wala haambiwi asante, kwa sababu shukrani huifungua kazi ikamwagika. Alikuwa na miaka themanini na mbili, na aliwapokea akimenya viazi.

Alilitazama bega la Verna, kisha akaweka kisu chini.

"Nani amemgeuza?"

Harlan akajibu: "Mimi, Bibi Kistler."

"Maandishi uliyaona?"

"Niliyaona."

"Ukasoma?"

"Nilisoma."

"Basi wewe si mjinga, mwanangu. Mjinga ningemhurumia." Alimgeukia Verna, sauti ikalainika. "Babu yangu ndiye aliyembandika huyo jini. Enos alikuwa amewasumbua akina Reber miezi miwili. Hataki nyumba, hataki sadaka. Anataka mpigaji. Akimwona mtu amesimama kiubavu na mti mkononi, anarusha. Na kila siku anakaribia zaidi, maana anajifunza mahali pa kulenga. Leo, binti yangu, usishike ufagio. Wala mwiko mrefu. Kaa ndani na ukae chini."

"Na mimi nifanye nini?" Harlan aliuliza.

"Umrudishe. Ukurasa uleule, uso chini. Gundi ya unga, maji na chumvi, na uipake usoni pake mwenyewe, imzibe macho na mdomo. Gundi imguse."

"Usoni? Lakini unga utakula rangi."

Bibi Kistler alichukua kisu chake tena. "Kuna mtu hapa ameniuliza habari za rangi?"

Walipokuwa wakitoka, Verna alifungua mdomo kushukuru, kizee kikainua kidole. Akaufunga.

Verna mwenyewe ndiye aliyekoroga gundi, kwa kijiko kifupi, amekaa kwenye stuli. Harlan alilipeleka bakuli kwenye chumba cha kadi akafunga mlango. Kadi ilikuwa ndani ya kasha lake, yale makasha ya plastiki nene yenye skrubu nne, moja kila kona. Alichukua bisibisi. Alifungua skrubu ya kwanza. Alitazama anga la rangi ya chungwa, ambalo halikuwa na hata alama ya ukucha. Akawaza Septemba, meza yenye kitambaa cheusi, watu wakisimama. Ndipo akajiambia maneno ambayo ni mkusanyaji kadi tu anayeweza kujiambia: kifudifudi ni kifudifudi. Plastiki ina unene gani? Macho yake yatatazama karatasi vilevile, na mambo yakitulia, basi, tutaona.

Akaikaza tena ile skrubu. Akapaka gundi juu ya kasha, akalibandika kwenye ukurasa, uso chini.

Verna alikuwa akingoja mlangoni. "Imemgusa usoni?"

"Imemgusa," alisema Harlan.

Verna alimshika mkono akaubusu. Alijua kadi ile ilikuwa na thamani gani kwake, na alidhani ameitoa kwa ajili yake.

Walikaa ndani, wakingoja. Saa nane mawingu yakafunga bonde lote, na ilipofika saa tisa mvua ilikuwa ikipiga bati. Ghala lilikaa kimya. Ijumaa mvua, na ghala kimya. Jumamosi mvua ya kutwa, na ghala kimya. Harufu iliondoka nyumbani. Duara la begani likawa la manjano. Verna alipika kuku na tambi za unga alizokata kwa mkono wake, akamtania Harlan kwamba sasa amebaki na mke mmoja tu, na Harlan akala sahani mbili na kulala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Jumapili jua lilitoka. Walikwenda kanisani, wakarudi, wakala. Majani ya mti wa mbele yalikuwa yameloa na kugandana kwenye mbao za baraza, na Verna hakuweza kuvumilia uchafu.

"Nafagia kidogo," alisema. "Siku tatu nimekaa kama malkia, mgongo unauma."

"Fagia, mama, fagia," alisema Harlan. Aliketi karibu na dirisha na gazeti, akafungua, kama kila Jumapili ya maisha yake, ukurasa wa matokeo ya besiboli. Alhamisi, Philadelphia, mchezo umeahirishwa kwa mvua. Ijumaa, umeahirishwa kwa mvua. Jumamosi, umeahirishwa kwa mvua.

Alisoma tena. Kidole chake kilibaki kwenye karatasi.

Mzee aliyeuishi mchezo huu miaka hamsini, aliyekaa viwanjani na mwavuli akingoja mawingu yapite, aliyejua kama anavyojua kula kwamba mvua ikinyesha hakuna anayerusha mpira, kila mtu hukaa ndani akingoja uwanja ukauke, mzee huyo alikuwa amekaa siku tatu akidhani amepona, na sasa aliinua kichwa akaona nyasi za uani zimekauka, akaona vumbi jepesi likiinuka mbele ya ghala mahali ambapo hapakuwa na upepo, kama vumbi la mtu anayechimba kwa kiatu apate pa kusimamisha mguu wake, akasikia harufu ya sufu na tumbaku ikiingia dirishani, akaona saa ya ukutani imefika tisa kasoro dakika chache na mkewe amesimama barazani kiubavu, ufagio mikononi kwa shoto, akiinama, akiinuka, akiimba wimbo wa asubuhi ile kanisani, amelielekea ghala kwa bega lenye duara la manjano, na kichwa kimeinama chini kwenye majani, mahali ambapo mpira ungempita juu, ungempita tu kama asingeinua uso, na Harlan akasimama, kiti kikaanguka, akapiga ukelele kwa nguvu zote alizobaki nazo:

"Verna!"

Verna aliinua kichwa. Aligeuka kumtazama mumewe dirishani, akitabasamu, panja lake la kulia limelielekea ghala.

"Nini?" alisema.

Sauti iliyofuata haikuwa ya ubao, wala haikuwa ya godoro.

Daktari aliandika kwamba mshipa ulipasuka kichwani, jambo la kawaida kwa umri ule. Harlan hakubisha. Jioni ya mazishi, watu walipokwisha kula na kuondoka, alikoroga unga, maji na chumvi mwenyewe. Akalibandua kasha, akafungua skrubu zote nne, akaitoa kadi na kuigeuza apake gundi usoni pa Enos.

Hapakuwa na uso. Palikuwa na majani ya kijani, ua wa mbao, na anga la rangi ya chungwa, safi kabisa, rangi mbichi. Alikaa na bakuli mapajani hadi gundi ikaganda.

Tangu siku hiyo, kila alasiri isiyo na mvua, wapita njia humwona Harlan Moyer barazani na ufagio wa marehemu mkewe. Hafagii. Amesimama kiubavu, ameushika kwa shoto, kichwa amekigeuza kidogo ili panja lake lielekee ghala. Anangoja. Watu humsalimia kutoka barabarani na yeye hajibu. Hakuna kilichowahi kumjia. Bibi Kistler alipoulizwa alisema Enos hajawahi kumrushia mtu anayetaka kupigwa, na asiulizwe zaidi.

Alhamisi iliyopita palikuwa pakavu, upepo ukitoka upande wa kijito. Harlan alikuwa amesimama mahali pake aliposikia, mbali, ng'ambo ya shamba la mahindi, kwenye ghala la Clayton Hoch, mwenye ile kadi ya kunjo:

*Tok.*

Ukimya. Hatua kadhaa, na kurudi.

*Tok.*

Arlene, mke wa Clayton, hutundika mazulia yake uani siku za Alhamisi na kuyapiga kwa fimbo. Kutoka pale barazani Harlan aliweza kumwona, mdogo kwa umbali, amesimama kiubavu, fimbo juu. Aliuangusha ufagio akakimbia kuvuka mahindi, mzee wa miaka sitini na minne, mdomo ameufunga kwa mkono wake, asije akamwita jina.